Saraka yangu ya viungo: mwezi wa nne

Mwezi huu saraka yangu, yaani orodha ya viungo vya kurasa za mtandaoni ninazozipendekeza, haikukua, bali ilipungua. Ilikuwa imefikia viungo 412, na nilipoketi kuvifungua kimoja baada ya kingine nilikuta 57 havifunguki tena, huku vingine vikinipeleka kwenye matangazo matupu, kwa kuwa anwani zake zilikwisha kununuliwa na watu wengine. Vilivyokufa nilivitafuta katika Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za kurasa, nikaokoa 31.

Kilichonichukulia muda zaidi ni maelezo. Tangu mwanzo nilijiwekea sharti kwamba kila kiungo kiandikiwe sentensi moja inayomweleza msomaji atakachokipata, lakini nakiri kwamba sentensi nyingi nilizoandika zilikuwa za kivivu. Kwa mfano, ukurasa mmoja niliuandikia “Makala nzuri kuhusu kunoa visu.” Nilipousoma upya niligundua kwamba thamani yake imo katika aya moja tu, ambamo mwandishi anaonyesha jinsi ya kupapasa kwa kidole gumba ule ukwaruzo mwembamba wa chuma unaojitokeza upande wa pili wa makali, ambao ndio ishara kwamba wakati wa kukigeuza kisu umewadia. Sasa maelezo yanasema hivyo hasa. Kurasa tatu nyingine za mada hiyohiyo, zote zikiwa juu kabisa katika matokeo ya utafutaji, zilinishinda kuandikia sentensi tofauti, kwa maana zilikuwa zikirudia maneno yaleyale, hivyo nimezifuta.

Uamuzi mwingine ni kuweka kikomo cha viungo 300. Yahoo! yenyewe ilianza mwaka 1994 kama orodha iliyopangwa kwa mkono na Jerry Yang na David Filo, na DMOZ, saraka ya tovuti iliyoanzishwa mwaka 1998 na kuhudumiwa na wahariri wa kujitolea hadi ilipofungwa mwaka 2017, ilikusanya tovuti kwa mamilioni. Mimi niko peke yangu, na kiungo nisichoweza kukisoma tena angalau mara moja kwa mwaka sioni kwa nini nikidhamini. Kwa hiyo saraka ikijaa, kipya hakitaingia mpaka cha zamani kitoke.

Hadi leo vimebaki 318. Kundi la hisabati sijaligusa, na nashuku kwamba hivyo 18 vya ziada vimejificha humo, kwani nusu yake nilivihifadhi kwa kuvutiwa na michoro tu.