Kinubi cha Nero na mateso ya Yusufu

Masomo: Amosi 6:1-6, Kutoka 23:1, Warumi 16:1-16

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kaisari Nero akipiga kinubi huku Roma ikiteketea amechorwa mara nyingi, na kwa kawaida hupangwa vilevile: yeye juu mnarani, shada kichwani, moto chini yake. Wengine humpa fidla, ala ambayo haikuwapo enzi zake. Aliyoipiga ni kithara, yenye kisanduku cha mbao na nyuzi, na aliipenda kupita kiasi.

Moto ulianza usiku wa kuamkia 19 Julai mwaka 64, kwenye maduka yaliyopakana na uwanja wa mbio wa Circus Maximus, penye bidhaa zinazoshika moto upesi. Upepo ukausukuma, vichochoro vyembamba vikaupitisha. Ukawaka siku sita, ukafifia, ukalipuka tena. Kati ya wilaya 14 za jiji, nne tu zilisalimika.

Nero hakuwapo. Mwanahistoria Tacitus, aliyekuwa mtoto wakati huo, anasema Nero alikuwa Antium, mji wa pwani, akarudi moto ulipoikaribia nyumba yake. Akawafungulia waliounguliwa bustani zake, akaleta vyakula kutoka Ostia, akashusha bei ya nafaka. Habari kwamba Nero aliimba huku jiji likiungua, Tacitus anaitaja kuwa ni uvumi. Wanahistoria Suetonius na Dio, walioandika baada yake, ndio wanaoisimulia kama jambo la hakika, na hata mahali hawapatani: mmoja asema mnara wa Maecenas, mwingine paa la jumba la kifalme.

Kwa nini tumtetee mtesaji wetu? Hatumtetei. Kutoka 23:1 inakataza kuvumisha habari za uongo, wala haikumtoa adui katika katazo hilo. Tena sisi tunajua uvumi unavyoua. Nero aliposhindwa kuzima maneno kwamba yeye ndiye aliyeagiza moto, aliwatupia lawama Wakristo. Walivikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wakasulubiwa, wengine wakachomwa kuwa taa za usiku, katika bustani za Nero.

Mwaka 1876 mchoraji Henryk Siemiradzki aliichora habari hiyo. Turubai lake, lenye upana wa mita 7 hivi, liko Kraków, Poland. Nero yumo, amebebwa kitini, lakini kinachojaza turubai ni umati uliojipamba. Wakristo wamefungwa kwenye nguzo, pembeni kulia. Kwetu huu ndio mchoro wa kutazama kwa muda mrefu, kwa sababu umati ule ndio Amosi aliosema nao. Nabii hakulaani kinanda, maana Daudi naye alipiga. Aliwalaani wanaoimba na kunywa divai wasihuzunike kwa ajili ya “mateso ya Yusufu”, yaani mateso ya watu wao wenyewe, Israeli. Soko likiungua leo, video hutufikia kabla hatujajua ni nani aliyepoteza kibanda, nasi huisambaza tukibishana nani wa kulaumiwa.

Miaka michache kabla ya moto ule, Paulo aliliandikia kanisa la Roma na kuwasalimu watu kwa majina. Juma hili tusome sura ya 16 polepole, kwa sauti, tukituama kwenye kila jina: Priska na Akila, Mariamu, Androniko na Yunia, Trifaina na Trifosa, Rufo na mama yake, ambaye Paulo anasema ni mama yake yeye pia.