Jembe Kabla ya Dafu

Mwaka 1984, nikiwa darasa la tano Kondoa, mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni maneno saba: zabibu, jembe, asali, wali, dafu, boga, hindi. Tuyapange kwa mpangilio wa abjadi.

Neno lile, abjadi, nililijua. Kila baada ya isha babu alitukalisha jamvini, barazani kwake, akatuimbisha: abjadi, hawazi, huti, kalamani. Na kila herufi ya Kiarabu ilikuwa na thamani yake: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, he tano, wau sita, ze saba, mpaka ghaini, elfu moja. Alizichora mchangani kwa kijiti. Jimu yake ilikuwa na tumbo kubwa, na nukta aliitoboa katikati kwa ncha ya kijiti.

Basi nikaandika bila wasiwasi: asali, boga, jembe, dafu, hindi, wali, zabibu. Daftari likarudi na kosa la wino mwekundu, jembe limezungushiwa duara, mshale unalipeleka baada ya hindi. Niliumia. Niliona kama aliyekosolewa ni babu.

Usiku nikampa daftari. Akalisogeza kwenye kibatari, akasoma taratibu.

"Mwalimu wako anataka a, be, che, mjukuu wangu. Hajakosea. Lakini hebu litamke neno abjadi lenyewe polepole: a, b, j, d. Jimu imetangulia dali, imo humo humo ndani ya jina."

Ukubwani nikaja kujua kuwa alfabeti nalo limejengwa vivyo hivyo, kwa alfa na beta za Kigiriki, na kwamba Wagiriki walizipata herufi zao kwa Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, wenye mpangilio wa ukoo mmoja na ule wa babu. Tangu 1990, kwa pendekezo la Peter T. Daniels wa Marekani, wanaisimu huita abjadi mwandiko unaoandika hasa konsonanti, kama wa Kiarabu au Kiebrania. Kiswahili chetu kimelipanua neno hadi likabeba A mpaka Z, na sioni ubaya. Ila mtoto aambiwe limetoka wapi.

Asubuhi nilimwamkia mwalimu, nikamweleza. Alama haikubadilika. Lakini alinipa chaki, nikaandika herufi saba kuanzia kulia, darasa zima likizitaja nyuma yangu. Jimu nikaipa tumbo kubwa, na nukta nikaikandamiza mpaka chaki ikakatika.