Nilivyojifunza Kiingereza cha kuongea na wageni mlimani, pamoja na zile tensi za have na been

Mi nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu kadhaa, sisi wabebaji tunaitwa wagumu, na sa hivi ni msaidizi wa mwongozaji. Kilichonivusha ni Kiingereza, tena sio Kiingereza chote, ni kale kakipande ka have, has, had na been ambako shuleni wengi tulikakariri ili tufaulu mtihani tu. Wagumu wenzangu wananiuliza sana nilifanyaje, hasa akina dada, basi ngoja nieleze vizuri.

Kwanza muelewe kwa nini nilianzia hapo. Kila jioni kambini mwongozaji anapita kwa wageni anawauliza. Umekula? Umekunywa maji kiasi gani? Dawa umemeza? Umetapika? Kichwa kinakuuma tangu saa ngapi? Karibu maswali yote ni ya kitu kilichoanza nyuma na sasa hivi bado kina maana. Mgeni akikwambia "I had a headache at lunch" maana yake kiliuma mchana na yawezekana kimeshaacha, ila akisema "I've had a headache since lunch" kichwa kinamuuma mpaka muda huo anaongea na wewe. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa ukiwa kambi ya Barafu au Kibo, mita zaidi ya 4,600, na usiku huohuo mnataka kuanza kupandisha kwenda kileleni Uhuru mita 5,895. Ugonjwa wa mwinuko ukipuuzwa mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, na hapo tiba ya kwanza ni kumshusha mtu. Kwa hiyo kwangu tensi ni usalama wa mtu, sio maksi.

Nilianza na daftari dogo. Nikipeleka maji ya moto kwenye hema la chakula nilikuwa nachelewa kutoka makusudi, nasikiliza mwongozaji anavyouliza na mgeni anavyojibu, nikirudi kwetu naandika sentensi nzima kama nilivyoisikia, sheria sikuzijali kwanza. "Have you eaten?" "Have you taken your tablet?" "How long have you been feeling like this?" Afu masika ya Aprili na Mei, wageni wanapungua sana, nikakaa nyumbani Moshi na lile daftari, nikaanza kupanga sentensi zinazofanana.

Hapo ndo nikaona kwamba nusu ya kazi Kiswahili kilishanifanyia. Umekula, hujala, umeshakula, umewahi kupanda mlima mwingine, zote hizo ukizipeleka kwenye Kiingereza zinaingia kwenye have bila shida: "have you eaten", "you haven't eaten yet", "you've already eaten", "have you ever climbed another mountain". Hiyo -ja- yetu ya hajafika ni "hasn't arrived yet" kabisa, na ukiwa mwisho wa msururu unangoja mgeni wa mwisho utaisema kila siku.

Nusu ya pili ndo ngumu na naomba muikazie. Sisi tunasema amelala, amekaa, nimechoka, amesimama, tukimaanisha hali aliyonayo mtu sasa hivi, na Kiingereza hapo hakitaki have: "he is asleep", "she is sitting", "I'm tired". Ukimwambia mwongozaji "he has slept" ataelewa jamaa alishapata usingizi wake, kumbe wewe unamaanisha yuko ndani amelala. Tena sisi tunasema nimefika jana na hakuna anayeshangaa, Kiingereza ukishataja jana, saa ile, mwaka 2019, have inaondoka unasema "I arrived yesterday". Na kinyume chake, sisi tunasema naumwa tangu jana, wakati ulio wazi wa sasa, wao lazima waseme "I have been sick since yesterday". Hiyo since na mwenzake for mi nilizitenganisha hivi: since inataja pale ilipoanzia, since lunch, since Horombo (ile kambi), for inataja urefu wa muda, for two hours. Basi.

Vitenzi sikukariri ile orodha ndefu ya ukutani. Nilichukua vya mlimani tu: eat eaten, drink drunk, take taken, sleep slept, feel felt, throw up thrown up, go gone, be been. Na hiyo gone na been inawasaidia sana kwenye stori za kawaida njiani, maana wageni wengi wanaunganisha mlima na Serengeti au Zanzibar. "Have you been to Zanzibar?" unamuuliza kama alishafika akarudi, ila "they've gone to Zanzibar" wenzake wako huko sa hivi.

Kusikia kulinichukua muda mrefu kuliko kuongea. Wageni hawatamki have yote, unasikia kakitu kama v kanapita, "I've been", "we've had", na kwenye upepo hukasikii kabisa. Nikawa nasikiliza vipindi vya BBC Learning English kwenye simu, narudia kipande kimoja mpaka nikasikie, afu jioni mgumu mwenzangu anajifanya mgeni mgonjwa mi namhoji, tunabadilishana. Tulikuwa tunafanya hata tukiwa tunamenya viazi. Wamarekani nao wana yao, wengi wanasema "did you eat yet?" na "I already ate" bila have, msichanganyikiwe, wao wanaongea hivyo na ni sawa.

Baada ya kuzoea hayo nikaingia kwenye had, kwa sababu ya kuripoti. Mwongozaji mkuu mara nyingi yuko mbele na kundi na wewe uko nyuma na mgeni mmoja, wengine kwenye msafara hawajui Kiswahili, inabidi useme kwa redio nini kilitangulia nini. "When I reached her she had already vomited" ni alikuwa ameshatapika, na hilo neno moja linamwambia kwamba hukuona alivyotapika, ulikuta tayari, kwa hiyo mgeni mwenyewe ndo wa kuulizwa katapika mara ngapi.

Sa hivi nahangaika na "should have" na "would have". Wageni wanazisema sana wakati wa kushuka kuelekea kambi ya Mweka, wakikumbuka usiku wa kupanda, "I should have drunk more water", na mi nataka niweze kuwajibu sentensi ndefu ya aina hiyohiyo bila kusimama katikati. Kwenye daftari nimeshazijazia kurasa zake.