Sindano ya Shaba, Mkate wa Wishwa

Lamu, Jumapili, baada ya alasiri

Tangu asubuhi nina swali moja: sindano ya shaba, mtoto aisome akiwa na umri gani?

Mtu wa hapa haulizi sindano gani. Fumo Liyongo, shujaa wa mighani ya pwani yetu, hakufa kwa mkuki wala mshale. Alikufa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Hapo ndipo mwandishi wa watoto hukwama. Akiingiwa na huruma, anaugeuza mwisho: kijana anatubu, baba anapona, wanaishi raha mustarehe. Nia ni njema, lakini hicho si kisa cha Liyongo tena. Siku mtoto atakapoisikia habari yenyewe barazani kwa babu yake, atajua kitabu kilimficha, na hatakiamini kingine.

Msimamo wangu ni kwamba mwisho hauguswi. Kinachochaguliwa ni kipande. Mighani ya Liyongo ina vituko vingi, na kila kituko kina mwanzo na mwisho wake. Mpe mdogo kituko kimoja kizima, umwachie mkubwa vilivyobaki.

Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, kipande chenyewe ni mkate. Liyongo yuko gerezani, amefungwa minyororo, anangoja kuuawa. Kijakazi Saada anamletea chakula kutoka kwa mama yake, na kila kikiwa kizuri walinzi wanakila wao. Mama anaoka mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, katikati anaficha tupa, chuma cha meno cha kukerezea. Walinzi wanaudharau, wanaupitisha. Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu kwa mara ya mwisho, na watu wanapoimba na kupiga ngoma, yeye anakereza minyororo ndani ya kelele hizo mpaka inakatika.

Kurasa 24 zinatosha, sentensi moja au mbili kila ukurasa, maneno sita hadi tisa kila sentensi, herufi za pointi 20 au zaidi. Mwache Saada aje mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili walinzi wanauliza, "Umebeba nini?" na wanakula. Mara ya tatu wanauliza, wanaunusa mkate, na hapo ukurasa uishe. "Wishwa! Pita!" iwe upande wa pili wa karatasi. Neno hilo likichapwa ukurasa uleule wa kunusa, jicho la mtoto linalifikia kabla ya sikio na utamu wote unamwagika. Mara tatu inatosha pia kwa mtoto asiyejua kusoma kuuliza "Umebeba nini?" pamoja na msomaji, sawa na anavyoitika "Pakawa!" akisikia "Paukwa!"

Kuna kosa dogo linaloharibu kitabu kizima. Mtoto wa leo huenda hajapata kuiona tupa. Ikichorwa mara ya kwanza ndani ya mkate, yeye ataona kijiti. Ichorwe mapema, mkononi mwa fundi anayenoa msumeno wake kando ya jahazi, meno ya tupa yaonekane vizuri, maandishi yasiitaje kabisa. Ikitokea tena jikoni kwa mama, mtoto ataigundua mwenyewe kabla hujamwambia. Sababu za ugomvi wa Liyongo na mfalme wa kisiwa cha Pate, aliyemfunga, ziachwe nje. Mtoto wa miaka minne haulizi siasa ya Pate. Anachotaka kujua ni kama mkate utafika.

Miaka saba hadi tisa ni umri wa hila, na hapa nampenda sana Punda wa Dobi, ngano iliyochapishwa mwaka 1870 kati ya zile alizokusanya mmishonari Mwingereza Edward Steere kule Unguja. Kima anamtupia papa matunda ya mkuyu, papa anamwalika kwao, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima huacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Akishapanda mtini hashuki. Papa akimwita tena, anamsimulia habari ya punda aliyemponyoka simba, akabembelezwa na sungura, akarudi, akaliwa. Simba akauliza moyo na masikio viko wapi. Sungura, aliyekwisha kuvila, akajibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Wanaofupisha hukata hadithi hiyo ya ndani kwa kuhofia mtoto atapotea. Ikikatwa, kinachobaki ni kima aliyekimbia. Jibu lake lote limo katika punda. Mtoto wa miaka minane anaweza kushika hadithi ndani ya hadithi ukimpa alama: sehemu ya punda ichapwe kwenye karatasi yenye ukingo wa rangi nyingine, na kima aonekane mtini mwanzo na mwisho wa sehemu hiyo. Kisa hiki kimo pia katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za India, ila kule kwa kawaida anayembeba kima ni mamba. Na huku kwetu, ambako punda wanapishana na watoto kila kichochoro wakiwa na mchanga na mawe mgongoni, mchoraji hana ruhusa ya kuchora farasi mwenye masikio marefu.

Vivyo hivyo kwa mkoma, mti wa jamii ya mnazi. Maadui wa Liyongo walikula makoma kwa zamu za kupanda mti, wapate kumpiga mishale zamu yake ikifika. Yeye akayaangusha kwa mishale, akiwa chini. Michoro ikiweka mnazi badala yake, mtoto wa Ozi au Kipini atacheka, na ana haki. Shina la mkoma hugawanyika panda, la mnazi halina panda.

Sasa sindano. Miaka kumi hadi kumi na miwili, na si katika sura ya kwanza. Msomaji awe amekwisha kumpenda Liyongo kwa mkate na kwa makoma. Kuchomwa kwenyewe ni sentensi moja, bila damu. Nafasi yote ipewe mazungumzo ya baba na mwana: kijana anauliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, baba anahisi kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamjibu. Mwandishi asieleze kwa nini alijibu. Kisha kisima: Liyongo amepiga goti, mshale uko kwenye upinde, amekufa na hakuna anayejua. Watu wanakaa bila maji kwa hofu mpaka mama yake anaitwa kumbembeleza. Huzuni ya kisa iko hapo, kwa mama anayesema na mwanawe asiyejibu.

Kuanzia miaka kumi na mitatu, mpe utendi wenyewe, ule alioutunga Muhamadi Kijumwa, mshairi na mchonga mbao wa hapa Lamu, mwaka 1913. Vipande vinne kila ubeti, mizani (silabi) minane kila kipande, vitatu vya kwanza vinashirikiana kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utendi mzima. Beti kumi na tano kwa kikao, kwa sauti, msamiati baadaye. Ukianza na msamiati wanasinzia.

Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kisifutwe katika vitabu hivi. Lakini "ndoo" ya kwetu ni "njoo" ya sanifu, na mtoto wa Nakuru ataona ndoo ya maji. Kwa wadogo, mchoro wa mkono unaoita unatosha. Kwa wa miaka kumi, weka faharasa ya maneno yasiyozidi kumi na matano mwishoni.

Visasili vya asili ya watu, kama habari za Shungwaya, nchi walikotoka, kwa Wamijikenda, havitaki "zamani watu waliamini". Kaya, misitu yao mitakatifu, bado zina wazee wake. Andika "Wamijikenda husimulia kwamba" na uendelee.

La mwisho ni chumvi ya hewa ya bahari. Vijitabu vya pini za stepla havidumu hapa. Pini zinashika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinatoka kwanza. Ng'oa pini kabla hazijavimba. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, na moja sentimita tatu kutoka kila ncha. Chukua uzi wa pamba uliopakwa nta, urefu mara mbili na nusu ya kitabu. Ingiza sindano tundu la kati kutokea ndani, ukiacha mkia wa sentimita tano, rudi ndani kwa tundu la juu, toka kwa la chini, rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili za ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake.