GB 192 nyumbani, na kwa nini nimetulia kwenye Debian

Juzi nimemaliza chungu cha 17. Mama yangu alifinyanga vyungu maisha yake yote, na mimi nimejipa kazi ya kuvihifadhi kimoja kimoja: nakipiga chungu picha 400 hadi 800 pande zote, kisha programu inazilinganisha na kujenga umbo lake la 3D, na michirizi ya vidole vyake ikionekana. Kazi hii inakula RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vibaya sana. Kwenye kompyuta yangu ya zamani yenye GB 16, picha 200 tu zilitosha kuikwamisha katikati. Ndipo nikajiundia nyingine yenye GB 192, vijiti vinne vya RAM ya aina ya DDR5, kila kimoja GB 48.

Nimeulizwa mara nyingi ni mfumo endeshi gani unaofaa kompyuta ya namna hii, na swali la kwanza huwa lile lile: je, utaiona RAM yote? Enzi za biti 32 swali hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu anwani za biti 32 zinafikia GB 4 basi. Kwa biti 64 ukuta huo umeondoka, lakini kuna mwingine ambao watu hawautarajii. Windows 11 Home inaishia GB 128. Ukiiweka kwenye mashine yangu, GB 64 zinakaa bure, vijiti vipo na umeme vinakula. Toleo la Pro linafika TB 2, kwa hiyo kinachozuia hapo si ufundi, ni leseni. Lichunguze toleo kabla hujanunua vijiti. macOS sikukaa nayo mawazoni muda mrefu: kwenye Mac za sasa RAM huongezi baadaye, unayoichagua siku ya kununua ndiyo utakayozeeka nayo.

Kabla ya mfumo wowote, vijiti vyenyewe. Siku ya kwanza niliwasha, skrini ikabaki nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, taa ndogo ya njano kwenye mazabodi inawaka. Nusura nichomoe kila kitu. Kumbe DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza mazabodi huwa inajipima na vijiti vyake, na vikiwa vingi na vikubwa inachukua muda. Kuwa na subira hapo. Jambo jingine, vijiti vyangu vimeandikwa kasi ya 6000, lakini vikikaa vinne pamoja mashine inaviendesha kwa 3600. Kwa kazi yangu wingi una faida kuliko kasi, nikakubali. Halafu nikaiacha Memtest86+ ikivipima usiku kucha na asubuhi yote, kwa sababu biti moja iliyogeuka haikupi taarifa. Inaingia kimya kwenye faili lako na kukaa humo. Vijiti vyangu si vya ECC, yaani vile vinavyogundua na kurekebisha biti iliyogeuka, na kama ningekuwa naanza leo ningetafuta mazabodi na vijiti vya ECC kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Sasa mfumo. Kwangu mimi, RAM ikiwa nyingi, cha kuangalia ni mambo mawili: mfumo unaifanyia nini RAM ambayo programu hazijaiomba, na unafanya nini siku inapoisha.

Nilianza na FreeBSD, mfumo endeshi wa bure, kwa sababu ya ZFS, mpangilio wake wa kuhifadhi mafaili kwenye diski. Kila kipande cha data kinaandikwa na alama ya kukihakiki, na RAM iliyobaki inageuzwa kuwa kache kubwa inayoitwa ARC, inayotunza nakala za mafaili yaliyosomwa. Nilifungua folda ya picha 800 mara ya pili zikaja papo hapo, diski haikugusika hata kidogo. Niliipenda sana. Lakini programu yangu inategemea CUDA, zana ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi yao ya michoro, na hawaitoi kwa FreeBSD. Baada ya wiki tatu nikaiaga kwa moyo mzito.

Nikaenda Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025. Siku ya pili mdogo wangu akapita nyuma yangu, akaona matokeo ya `free -h`, amri inayoonyesha matumizi ya RAM, kwenye skrini, akashtuka: "Dada, mbona RAM imebaki GB 4 tu? Nini kimeila yote?"

Nikamwambia avute kiti. Safu ya "free" ilisema GB 4, kweli. Lakini safu ya mwisho kulia, "available", ilisema 171. Linux ikisoma faili kutoka kwenye diski, inabaki na nakala yake kwenye RAM, maana huenda ukalihitaji tena. Programu ikiomba nafasi, nakala hizo zinaachiwa mara moja. RAM iliyo tupu haimsaidii mtu yeyote. Tulifunga programu, tukafungua mradi wa jana, na picha zote zikatokea kabla hajamaliza kuuliza swali lake la pili. Kwa hiyo usiisome "free", soma "available".

Raha yangu kubwa zaidi imekuwa `/tmp`, folda ya mafaili ya muda. Kuanzia Debian 13, folda hiyo inakaa ndani ya RAM na inaruhusiwa kukua hadi nusu yake. Kwenye mashine ndogo ningekuwa na wasiwasi. Kwenye yangu ni zaidi ya GB 90 za nafasi ya kazi, na mafaili ya muda ambayo programu yangu inayaandika na kuyafuta kwa maelfu hayaichoshi SSD tena. Ila ukizima kompyuta, kila kilichomo kinapotea, na faili lisiloguswa siku 10 linafagiliwa. Usiweke humo kitu unachokipenda.

Na RAM ikiisha? Hapa mifumo inatofautiana kitabia. Windows haiahidi zaidi ya ilichonacho: jumla ya RAM na faili la swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) ndiyo kikomo, na programu ikiomba zaidi inakataliwa. Ndiyo maana ushauri wa kuzima faili la swapu eti kwa kuwa RAM ni nyingi ni ushauri mbaya. Linux kwa kawaida huahidi kwa ukarimu, na siku ahadi zinapozidi uwezo, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inachagua programu moja, mara nyingi ile kubwa kuliko zote, na kuiua. Mimi programu kubwa ni ile ile iliyokwisha kufanya kazi kwa muda wa saa tisa. Kwa hiyo nimeacha swapu ya GB 32 kwenye SSD, na kazi ndefu nazigawa vipande vinavyohifadhiwa kila hatua.

Lakini kilichoniumiza hakikuwa upungufu, kilikuwa wingi. Nilikuwa nahamisha picha za chungu cha 9 kwenda kwenye flashi, GB 30 hivi. Mstari wa maendeleo ukakimbia, sekunde chache, umekwisha. Nikachomoa. Jioni nikazifungua: za mwanzo nzima, kisha moja nusu yake ya chini ni kijivu kitupu, na zilizofuata hazikufunguka kabisa. Na nilikuwa nimehamisha, sikunakili.

Linux inaruhusu data inayosubiri kuandikwa ifike asilimia 20 ya RAM inayopatikana. Kwenye GB 8 hiyo ni kidogo. Kwangu ni zaidi ya GB 30. Flashi yangu inaandika MB 20 kwa sekunde, maana yake GB 30 zilihitaji dakika 25, na zilikuwa zikisubiri kwenye RAM wakati mimi nimeshachomoa. Kwa hili Windows ina busara zaidi: tangu toleo la 1809 la Windows 10, vifaa vya kuchomeka huandikwa bila kuhifadhi data njiani.

Chungu cha 9 nilikipiga picha upya, siku nzima. Na kwenye `/etc/sysctl.d/`, folda ya mipangilio ya kerneli, sasa kuna faili langu lenye mistari miwili:

`vm.dirty_bytes = 1073741824`
`vm.dirty_background_bytes = 268435456`

Yaani isizidi GB 1 inayosubiri, na uandishi uanze ikifika MB 256. Mstari wa maendeleo sasa unatembea polepole kama flashi yenyewe. Bado naandika `sync`, amri ya kulazimisha data yote inayosubiri iandikwe, na kungoja imalize kabla sijachomoa, na mdogo wangu naye nimemfundisha hivyo hivyo. Chungu cha 18 kiko mezani, kimeshafutwa vumbi.