Kwa Nini Tumenunua Probox

Gari letu la zamani, Corolla 110 nyeupe yenye namba ya usajili ya mfululizo wa A, ule wa zamani, lilipata mteja mwezi uliopita, na mahali lilipokuwa likiegeshwa uani sasa pamesimama Toyota Probox. Majirani zetu hapa Bigwa, Morogoro, ni watu wa adabu, kwa hiyo wameuliza kwa kuzunguka kama nimefungua duka. Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, hakuzunguka. Alipotumiwa picha alijibu, "Baba, hilo si gari la kusambazia mikate?" Ni kweli kwamba wenye viwanda vidogo vya mikate wanalipenda, na kwangu hiyo ni sifa, kwa sababu mtu anayeamka saa tisa za usiku kupeleka mikate hawezi kumiliki gari la kubembelezwa. Hata hivyo nimeona nieleze kwa utulivu jinsi tulivyofikia hapo, maana uamuzi huu ulitokana zaidi na bustani ya mke wangu, vibao ninavyochorea na reli mpya kuliko ulivyotokana na gari lenyewe.

Bustani ni ya mke wangu. Mimi huitwa humo kama kibarua, na kazi zangu zinajulikana: kubeba maji, kubeba samadi na kunyamaza. Ameigawa katika matuta ya mchicha, ambao huvunwa baada ya wiki tatu au nne na kupandwa kwa zamu ili mboga isikatike. Matembele, ambayo hayahitaji mbegu bali vipande vya marando. Bamia, mnavu na pilipili kando ya ukuta. Na nyanya, ambazo ndizo zinazomnyima usingizi. Kiangazi kikiingia huyaacha matuta ya kuinuka na kuchimba ya kuzama, ili maji machache tuliyokinga kwenye tangi yabaki palepale penye mizizi, kisha hutandaza majani makavu juu ya udongo. Watu wa mbali hudhani kwamba kila aliye chini ya Uluguru ana mvua ya kutosha. Mvua nyingi hunyesha upande wa mashariki wa milima, ule unaoelekea Bahari ya Hindi, ambako ndiko vinakoanzia vijito vingi vya mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Sisi wa upande wa mji mara nyingi tunaitazama tu ikinyesha.

Samadi anayoipenda ni ya kuku wa mayai, kwa kuwa ina nguvu, lakini ikiwa mbichi huunguza mizizi. Kwa hiyo hununuliwa magunia kadhaa kwa mara moja, hulundikwa pamoja na majani na maganda ya ndizi, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa mpaka joto lake liishe. Magunia hayo ndiyo yaliyokuwa yakiingia kwenye buti la Corolla kwa miaka mingi, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ikitupokea Jumapili asubuhi tulipofungua milango, tumevaa vizuri, tunakwenda kanisani.

Kuhusu nyanya nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndizo zilizonifundisha kutazama. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu aitwaye kanitangaze, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, na tangu hapo mkulima wa nyanya hana likizo. Ukichuma jani lililoshambuliwa na kuliinua dhidi ya jua, unaona njia nyeupe iliyochimbwa kati ya ngozi ya juu na ya chini, pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na ndani yake vidoa vyeusi ambavyo ni kinyesi cha kiwavi. Na ukisubiri kidogo, kiwavi mwenyewe anasogea humo kwenye mwanga, bado anakula. Mke wangu hukusanya majani hayo kila asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga na kuuacha juani mpaka vilivyomo viive. Jioni hupulizia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, zikachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Hupulizia jioni kwa sababu jua kali hupunguza haraka nguvu ya dawa hiyo. Kuna miezi anashinda na kuna miezi mdudu anashinda, na hapo tunanunua nyanya sokoni kama watu wengine.

Kazi yangu mimi ni picha, na huifanya barazani baada ya saa kumi za jioni, jua likishapunguza makali. Sikusomea uchoraji; nilifundisha jiografia mpaka nilipostaafu, na ramani za ubaoni ndizo zilizonizoesha mkono. Ninatumia hadibodi na rangi ya mafuta ile ile inayopakwa kwenye madirisha na milango ya chuma, na wala sioni haya, kwa kuwa nimetanguliwa na mkubwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu vya kawaida kabisa vya dukani: hadibodi za ujenzi na rangi za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, huko Oysterbay. Hilo ni jina la duka tu na mji wetu haukuhusika, ingawa nimewahi kumsikia rafiki yangu mmoja akitudaia heshima hiyo. Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu, na wale aliowafundisha ndio walioeneza mtindo huo hadi ukabeba jina lake.

Rangi ya madirisha ina tabia zake. Inang'aa, inafunika vizuri, na haipendi kuchanganywa juu ya kibao. Ukitaka twiga aonekane juu ya anga ya machungwa itakusaidia sana. Ukitaka milima ya Uluguru saa kumi na mbili asubuhi, itakugomea. Saa hiyo mlima haumo katika kijani hata kidogo. Mgongo wa karibu ni wa bluu iliyokolea, unaofuata ni bluu ya majivu, na wa mwisho unakaribia kufanana na anga, hivi kwamba unaujua kwa ukingo wake tu. Njia niliyoipata ni kuandaa kila mgongo katika kopo lake, nikiongeza nyeupe na kulegeza kwa tepentaini, kisha kupaka kuanzia nyuma kuja mbele, na kungoja kila tabaka likauke kabla ya kuligusa lingine. Kungoja huko wakati wa masika ni adhabu, kwa sababu unyevu huchelewesha rangi kukauka na wadudu hawachelewi kuja. Anga ya picha iliyopo sebuleni kwetu ina mbu mmoja aliyenasa juu ya kilele, nami nimemwacha, kwa kuwa wageni humdhania tai.

Hadibodi nzima ni futi 4 kwa 8, na fundi seremala hunikatia vipande vinane vya futi 2 kwa 2, kipimo ambacho wachoraji wa Tingatinga wamekizoea tangu zamani. Vipande vitupu hupangwa popote. Picha ambayo haijakauka vizuri haiwezi kusimamishwa, haiwezi kulaliwa na nyingine, na haivumilii kuwa jirani na gunia la samadi. Hapo ndipo gari linapoingia katika habari hii.

Corolla haikutufanyia ubaya wowote. Ilianza kula oili kidogo kidogo, kisha ikaanza kuchemsha kila ilipopanda mlima. Fundi alisafisha rejeta na kubadilisha thamostati, baadaye akatuambia, kwa sauti ya daktari anayewaandaa ndugu wa mgonjwa, kwamba silinda hedi inahitaji kushushwa. Bushi na shokapu za mbele zilikuwa zimeshabadilishwa mara nyingi kuliko tairi. Spea zake zilikuwa rahisi na zipo kila kona, na hilo ndilo lililotufanya tuchelewe kuachana nalo: kila tatizo lilikuwa na bei inayovumilika, mpaka siku tuliyokaa na daftari na kujumlisha bei hizo.

Kwa kawaida mtu wa Morogoro anapobadilisha gari huifikiria kwanza barabara ya Dar es Salaam. Nasi kwa miaka yote tulifanya hivyo, tukitaka gari la kutufikisha kwa watoto na kuturudisha, takriban kilomita 190 kila upande, kwenye barabara yenye malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na yenye vibao vya kilomita 50 kwa saa ambavyo hukai navyo raha. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari iliyokuwa ikitula nusu siku sasa haifiki saa mbili. Sisi wazee wawili tunashuka Dar es Salaam tukiwa na nguvu za kumbeba mjukuu. Baada ya miezi michache mke wangu ndiye aliyelitamka jambo ambalo mimi nilikuwa nalizunguka: "Mwalimu, hili gari tunalolitafuta halitakwenda Dar. Litakwenda kwa mfuga kuku, kwa seremala, kanisani na stesheni. Sasa hayo makubwa unayoyatazama kwenye simu ni ya nini?"

Nilikuwa natazama magari marefu ya kupanda juu, kama wanavyofanya wastaafu wote wenye simu. Nililinganisha pia bei ya kuagiza Japani, na ningemshauri kila mtu afanye hesabu hiyo kabla ya kupenda picha yoyote. Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Unachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kinakutajia kodi. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyozidi cc 1000 na kisha 2000, kuna VAT ya asilimia 18, na gari likizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa kuwa kila tozo huhesabiwa juu ya nyingine, jumla ya kodi inaweza kuipita bei ya gari lenyewe kule lilikotoka. Mwenye haja ya gari ambalo halijaguswa na barabara zetu atalipa na atafurahi. Sisi tuliamua kununua mkononi kwa mtu.

Probox lilikuwa limeanza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kampuni na wachuuzi, na ukilitazama ndani unaelewa. Kiti cha nyuma kikilazwa, sakafu inakuwa tambarare kutoka mgongo wa dereva hadi mlango wa nyuma, nao mlango huo hufunguka kwenda juu na kukupa kivuli unapopakia. Injini yake ya cc 1500 hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo gharama moja niliyoizoea imeondoka. Kenya wanalijua kwa kubeba miraa na abiria kupita kiasi, na gari linalostahimili hayo haliwezi kushindwa na mchicha. Ubaya wake ni kelele. Ukipita kwenye changarawe, mazungumzo husimama.

Tulilolipata lina namba D na lilikuwa la mtu wa hapahapa mjini. Kabla ya kutoa hela fundi wetu alilala chini yake, akalinganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, akaliwasha likiwa limepoa asubuhi ili asikie mlio wake wa kwanza, kisha akaliendesha mpaka barabara ya Mlima Kola na kurudi. Mimi nilihakiki bima, na kwa kutumia namba ya usajili nikaangalia deni la faini za barabarani, kwa kuwa faini hufuata gari wala haimfuati aliyekosa. Mkataba tuliusaini mbele ya wakili, na umiliki ukabadilishwa TRA kabla sijalifanyia safari yoyote ya maana. Upande wa kuuza nilisisitiza vivyo hivyo. Kijana aliyelichukua Corolla, fundi anayetaka kulifufua mwenyewe, alitaka kadi abaki nayo hivihivi mpaka atakapopata nafasi. Nikamwambia tutakwenda wote siku hiyohiyo, tukaenda.

Wiki moja kabla halijaondoka nililichora likiwa chini ya mwembe. Nilidhani kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa gari jeupe na kopo la nyeupe vyote ninavyo. Nilipokaa kulitazama niliona kwamba weupe haukuwepo popote. Boneti lilikuwa bluu kwa ajili ya anga, milango ilikuwa na kijani cha majani, na chini, karibu na tairi, kulikuwa na wekundu wa udongo uliotoka ardhini na kupanda mpaka kwenye mlango. Nyeupe niliyoitumia ni mistari miwili tu ukingoni mwa paa. Watoto wameigombania picha hiyo, na kwa sasa imekwenda Dar es Salaam kwa mwanangu wa kwanza, yule wa mikate, ambaye ndiye aliyejifunzia udereva ndani ya gari hilo.

Jumamosi iliyopita tulifanya mzigo wa kwanza: magunia ya samadi nyuma kabisa, turubai katikati, na hadibodi zilizokatwa mgongoni mwetu. Vyote vilifika safi, isipokuwa harufu, ambayo sasa haina buti la kuifungia na inakaa nasi ndani. Mke wangu anasema tutafungua madirisha. Mimi nimemwomba seremala anitengenezee kizuizi cha mbao nyuma ya viti, naye ameniahidi Alhamisi.