Bao la mwambani pale Hyrax Hill

Jumapili nilimpeleka binti yangu Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya watu wa kale, hapa hapa Nakuru, safari fupi tu ya matatu kutoka mjini. Wiki nzima alikuwa akiniimbia piramidi za Misri: ati ile ya Khufu ina yapata miaka 4,500, na ilipokuwa mpya ilifika mita 146 kwenda juu. Nikamwambia haya, twende tukaone wa kwetu nao walituachia nini.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale kuanzia 1937. Kuna makaburi ya kale, kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa huku, walimolaza ng'ombe (mimi niliona mabonde yaliyoota nyasi tu, nikanyamaza). Lakini bao! Limechongwa kwenye mwamba wenyewe, vishimo safu kwa safu, vingine bado vina maji ya mvua ya usiku. Ukingo wake laini kama kinu cha nyanya. Mikono mingapi imepita hapo?

Binti akachimba vishimo vyake mchangani kando, akaokota kokoto. "Baba, anza wewe." Nilidhani nitamhurumia. Kanifunga mara mbili, mlinzi akicheka pembeni.